Huyu Msaidizi Analipwa na Nani?

Swali lilitoka kwa mama mmoja wa Bukavu, Jumapili jioni, katika fleti moja karibu na Queens Chapel Road, Hyattsville, Marekani, sahani ya chapati ikiwa bado inazunguka. Tulikuwa tumefika Yohana sura ya 14. Aliyekuwa akiongoza kipindi alisoma ile ahadi ya Yesu kwamba Baba atawapa wanafunzi Msaidizi mwingine, akanyanyua macho akingoja amina. Badala ya amina akapata swali: "Huyu Musaidizi, anamulipa nani?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Mama huyu anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na cheo chake ni msaidizi wa muuguzi. Kwa hiyo msaidizi anamjua vizuri: ni yule anayemgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku, anayebadilisha mashuka, anayeambiwa kimbia chumba namba nne. Msaidizi ana mkubwa wake. Mshahara ukiingia anajua umetoka wapi, na usipoingia anajua pa kwenda kuuliza. Sasa kumwambia mtu kama huyo kwamba Roho wa Mungu naye ni msaidizi ni kumpa picha ambayo mwandishi wa Injili hakuikusudia. Isitoshe, katika Biblia ya Union hata Hawa anaitwa msaidizi, na sote tunajua jinsi mahubiri ya harusi yanavyolitumia neno hilo.

Neno la Kiyunani lililoko pale ni parakletos. Katika Agano Jipya lote linatokea mara tano tu: mara nne katika Injili ya Yohana (14:16, 14:26, 15:26 na 16:7) na mara moja katika Waraka wake wa kwanza, 2:1. Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyowalea kimasikio Waprotestanti wengi wa Afrika Mashariki, inasema Msaidizi katika zile nne. Ikifika kwenye waraka inageuza: Mwombezi. Na Mwombezi huyo si Roho tena, ni Yesu mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili hana namna ya kujua kwamba ni neno lile lile, wala hawezi kuona uzito wa neno "mwingine" katika ile ahadi. Yesu anaposema atakuja mwingine, anajihesabu yeye kuwa wa kwanza. Kwa Kiswahili tunabaki tukijiuliza: mwingine baada ya yupi?

Watafsiri wetu hawakuanzisha mtindo huo. Hapa Hyattsville kuna parokia ya Kikatoliki yenye jina la Mtakatifu Yeronimo, yule mtaalamu aliyezisahihisha Injili za Kilatini mwishoni mwa karne ya 4. Katika Injili hizo neno la Kiyunani liliachwa likaandikwa kwa herufi za Kilatini tu. Katika waraka likawekwa advocatus, wakili. Luther naye, karne ya 16, alichagua neno la Kijerumani lenye maana ya mfariji kwenye Injili na la mtetezi kwenye waraka. Kwa hiyo ufa uliomo katika Biblia zetu ni wa kurithi.

Ukilifungua neno lenyewe unakuta vipande viwili: para, kando, na kletos, aliyeitwa. Parakletos ni mtu aliyeitwa aje asimame kando yako. Katika mahakama za Athene ya kale hapakuwa na mawakili kama tunaowajua leo. Mshitakiwa alijisemea mwenyewe mbele ya mamia ya wazee wa baraza, muda wake ukipimwa kwa chombo cha maji yanayotiririka. Lakini aliruhusiwa kuja na watu wake: ndugu, marafiki, mtu mwenye jina mjini. Wengine walipewa nafasi ya kusema, wengine walisimama tu waonekane. Demosthene, alipomshitaki Eskine mwaka 343 K.K., alianza hotuba yake kwa kuwatahadharisha waamuzi dhidi ya maombi na pilikapilika za watu wa aina hiyo, na neno alilowaitia ni hilo hilo, parakletoi. Hakuwapenda, kwa sababu alijua wana nguvu.

Hapo ndipo ninapoona Kiswahili chetu kimepitwa kidogo. Msaidizi ni jina la kazi. Mfariji, neno tunalolipenda sana msibani na katika nyimbo za Pentekoste, ni jina la matokeo: umelia, sasa umetulia. Mwombezi ni jina la maneno yanayotoka kinywani. Parakletos ni jina la mahali mtu alipo. Anaweza kusema, anaweza kunyamaza. Cha kwanza ni kwamba yuko upande wako na wote wanamwona. Na hilo Waswahili tunalo, ila hatukulipeleka kanisani. Ukimpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya, swali linaloulizwa kabla ya dawa ni hili: ana mtu? Kijana akikosa kazi aliyostahili, wazee wanasema hakuwa na mtu. Aliyekamatwa usiku akaachiwa asubuhi, huyo alikuwa na mtu. Ni usemi wenye harufu ya rushwa mara nyingine, nakubali, lakini hata hao parakletoi wa Athene walikuwa na harufu hiyo hiyo.

Wayahudi walilipokea neno hili mapema na wakalitia lafudhi yao: peraklit. Katika Pirkei Avot, mafundisho ya mababa yaliyomo ndani ya Mishna, Rabi Eliezer ben Yaakov anafundisha kwamba kila amri moja unayoitimiza inakupatia peraklit mmoja, na kila kosa moja linakupatia kategor mmoja, yaani mshitaki, nalo ni neno la Kiyunani vilevile. Mtu wako kortini, kwa rabi huyo, ni matendo yako uliyoyatanguliza. Aliyekaa madrasa Unguja au Lamu hatashangaa, maana naye amefundishwa kwamba saumu na Kurani vitakuja kumwombea Siku ya Kiyama. Kinachoshangaza ni kilichotokea baadaye. Katika Kiebrania cha leo praklit ni mwanasheria, na hasa ndilo jina wanaloitwa waendesha mashtaka wa serikali. Aliyeitwa asimame upande wako amevuka chumba akasimama upande wa pili! Tusiwacheke, kwa sababu Yohana 16:8 inafanya jambo la kufanana na hilo: Roho yule yule anayesimama na wanafunzi ndiye atakayeuthibitishia ulimwengu hatia yake. Nani amewahi kusikia msaidizi akifanya hivyo?

Waethiopia, majirani zetu wakubwa katika eneo hili la Washington, hawakutafsiri kabisa. Katika Kigeezi, lugha ya ibada yao, neno limebaki Peraklitos, na sikukuu ya Pentekoste yenyewe inaitwa kwa jina hilo. Linaandikwa kwa herufi ya pekee ambayo inatumika zaidi kwa maneno ya kigeni. Nimewahi kufikiri kwamba huo ni uvivu. Siku hizi naona ni busara ya aina yake: mgeni ameachwa na kanzu yake, na muumini anajua kuna kitu pale cha kuuliza. Sisi tulimvika mgeni shati la kiofisi.

Lakini mahali ambapo neno hili limepigiwa kelele kwa Kiswahili kuliko popote ni katika ubishani wa Waislamu na Wakristo. Sura ya 61 ya Kurani, aya ya 6, inamtaja Isa akiwabashiria Wana wa Israili mtume atakayekuja baada yake, jina lake Ahmad. Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya Zanzibar alitoa Kurani nzima kwa Kiswahili mwaka 1923 na kuambatisha maelezo marefu ya kuutetea Ukristo. Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmad wa Jumuiya ya Ahmadiyya akatoa tafsiri yake Nairobi. Waahmadiyya wanaona bishara ile inamgusa pia mwanzilishi wao, Mirza Ghulam Ahmad, na Waislamu wengi wa pwani hawakulimeza hilo. Mwaka 1969 ikatoka kamili tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, na haikuwaonea haya wale waliomtangulia. Nilipohamia huku ndipo nilipofahamu kwamba Sheikh Mubarak Ahmad, baada ya miaka mingi ya Afrika Mashariki, katika miaka ya 1980 aliongoza jumuiya yake hapa Marekani, wakati makao yao yakiwa bado katika msikiti wa Leroy Place, Washington. Kutoka hapa ni mwendo mfupi kwa gari, foleni ikikuhurumia.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 ubishi ulitoka vitabuni ukaingia viwanjani. Ahmed Deedat wa Durban alizuru Tanzania, akaacha moto. Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba wakaandika kitabu cha Uislamu katika Biblia, 1987, na mihadhara ikajaa kuanzia Dar es Salaam hadi bara, spika juu ya meza, Biblia ya Union mkononi mwa Mwislamu na Kurani mkononi mwa mchungaji. Wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa mihadhara yao. Hoja iliyozunguka sana ilikuwa hii: Wakristo wamebadili neno. Asili yake lilikuwa periklytos, mwenye kusifika, ambalo kwa Kiarabu ni Ahmad. Likageuzwa parakletos kwa kubadili irabu.

Hoja hiyo haisimami. Periklytos ni neno halisi la Kiyunani, limo ndani ya Homer, lakini hakuna hati ya Injili ya Yohana yenye neno hilo mahali pale. Hati kubwa za karne ya 4, Sinaitiko na Vatikano, zina parakletos, nazo zilikuwa zimekwisha kuandikwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kuzaliwa kwa Mtume Muhammad. Kilichonishangaza kuhusu mihadhara ile ni kwamba neno lililokuwa likigombewa halikuwamo katika kitabu kilichokuwa mkononi. Biblia inasema Msaidizi. Watu wanazomeana kwa irabu za Kiyunani. Ilikuwa mechi ambayo mpira wenyewe umebaki nyumbani.

Kuna hoja ya Kiislamu iliyo kongwe kuliko hiyo na yenye akili zaidi, nayo haikufika viwanjani. Ibn Ishaq, mwandishi wa Sira aliyefariki karne ya 8, analeta sehemu ya Yohana 15 kwa Kiarabu, na pale penye neno letu anaweka al-munahhamana. Ni neno la Kisiryani cha Palestina, maana yake mfariji, na Wakristo wa huko walilitumia kweli katika masomo yao ya kanisani. Ibn Ishaq anaeleza kwamba munahhamana kwa Kisiryani ni Muhammad, na kwa Kirumi, yaani Kiyunani, ni baraklitis. Angalia anachofanya. Hamtuhumu mtu kwa kufuta irabu. Anachukua neno kama Wakristo wenyewe wanavyolisoma na kusema: nafasi hii mnayosema itajazwa, imejazwa. Unaweza kumkatalia, mimi Mkristo namkatalia, lakini amelielewa neno kuwa ni nafasi.

Na Wakristo tuliomjibu Mwislamu tulikuwa na hoja yetu chovu pia: kwamba parakletos ni roho, basi haiwezekani awe binadamu. Waraka wa kwanza wa Yohana unalitoboa jibu hilo, maana parakletos wa pale ni Yesu. Kama tungekuwa na neno moja kwa mahali pote patano, hoja hiyo isingetutoka kinywani.

Nilimsimulia haya mzee mmoja wa Mombasa, jirani yangu, tukiwa tumesimama kwenye maegesho ya magari, yeye na mfuko wake wa muhogo. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "haya majina tumegombana sana. Nikuulize mie: sisi tunaposoma Maulidi, mwisho tunaomba nini?" Nikasema sijui. "Shufaa. Siku ile kila mtu yuko peke yake, mama hamjui mwana, twataka wa kutusemea. Sasa huyo wako wa kwenye waraka kazi yake ni gani?" Nikamwambia ni hiyo hiyo. Akaongeza haraka, nisije nikamwekea maneno mdomoni, kwamba shufaa haiwi ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kuna masheikh vijana ambao hata Maulidi hawayataki. Kisha akasema muhogo unaharibika kwa jua, akaingia ndani.

Waliodai nafasi hii ni wengi. Montano wa Frigia, karne ya 2, alihusishwa nayo. Mani wa Babeli, karne ya 3, aliitwa Parakletos na wafuasi wake. Wa kwetu ni Simon Kimbangu. Alianza kuponya wagonjwa Nkamba, Kongo ya Chini, Aprili 1921. Kufikia Oktoba mwaka huo mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilikuwa imemhukumu kifo, hukumu ambayo mfalme Albert aliigeuza kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa mbali na watu wake, Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mji wa Kiswahili na migodi, na huko alikaa gerezani hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lililobeba jina lake likaja kufundisha kwamba yeye ndiye yule aliyeahidiwa katika Yohana 14, Roho Mtakatifu aliyechukua mwili. Makanisa mengine hayakubali, na mimi sioni namna ya kukubali. Hata hivyo kuna jambo moja katika historia yake linalonikalia kooni. Mbele ya mahakama ile Kimbangu hakuwa na wakili wa kumtetea. Mtu ambaye mamilioni wanamwita parakletos alihukumiwa bila parakletos.

Nilirudi kwa mama wa Bukavu nikiwa na hayo yote, nikidhani nina jibu la swali lake. Kumbe swali lilikuwa na mizizi mingine. Tangu kabla ya ile Jumapili alikuwa na barua katika mkoba wake ikimwita katika mahakama ya uhamiaji, iliyoko hapa hapa Hyattsville, Toledo Road, karibu na kituo cha treni kilichoitwa Prince George's Plaza hadi 2022 na sasa kinaitwa Hyattsville Crossing. Sheria ya Marekani inasema anayeitwa pale ana haki ya kuwa na wakili, lakini serikali haimlipii. Mkalimani analetwa. Wakili unajitafutia. Ndiyo maana aliuliza analipwa na nani. Hakuwa akifanya mzaha na Maandiko.

Tulienda pamoja. Aliketi mbele, mimi nikaketi safu ya nyuma, kwenye benchi la watu waliosindikiza. Mkalimani hakuwemo chumbani, alikuwa sauti tu inayotoka kwenye spika, Kiswahili safi cha Tanzania kinachosikika kama taarifa ya habari ya redio. Jaji aliuliza kwa upole, sauti ikatafsiri: "Je, unaye mwanasheria?" Mama aligeuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Niko na mutu," akasema.

Spika ilinyamaza kidogo. Sijui mkalimani alikuwa akitafuta neno gani. Ninalojua ni kwamba Kiingereza chake kilipotoka kilikuwa kirefu kuliko maneno matatu ya mama. Jaji alinyanyua kichwa akatazama huku nyuma. Nilisimama, sikuulizwa kitu, nikabaki nimesimama hivyo hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Kisha akampa mama miezi kadhaa ya kutafuta wakili, na karani mmoja akamletea orodha ya mashirika yanayotetea watu bure au kwa ada ndogo.

Kwenye benchi la kituo cha treni mama aliitoa ile orodha, akaikunjua juu ya magoti, akaweka kidole kwenye namba ya kwanza, akanipa simu yake.

"Piga," akasema.